Lenzi Iliyoshika Ukuta Mtupu

Kila mpiga picha anajua kwamba kamera ya otofokasi, inayojilenga yenyewe, haishiki ukuta mtupu. Lenzi huenda mbele, hurudi nyuma, huhangaika, mwisho hukata tamaa. Lakini ile kamera kuukuu ya filamu, Halake alipoijaribu kwenye duka la mitumba mjini Madogo, ilitazama chokaa nyeupe, ikalia pii, ikatulia.

"Lenzi kali hii," alisema.

"Kali," muuzaji akajibu bila kumtazama. "Nikishauza sipokei tena."

Halake akacheka, akarudi nayo Garsen. Alipiga picha za harusi moja, ikabaki nafasi ya picha ya mwisho kwenye filamu. Nyumbani, mkewe Nuria alikuwa amemlaza mwana wao wa kwanza.

"Baba Halkano, mtoto hajatoka arobaini. Usimpige picha."

"Moja tu, nimalize filamu niipeleke kusafishwa."

Lenzi ilimpita mtoto. Ilisogea taratibu, ikashika hewa tupu juu ya kitanda. Pii. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Kuanzia jioni hiyo Halkano alikataa titi. Joto la mwili lilipanda, dawa za zahanati hazikulishusha, na ndani ya mkoba uliofungwa, kamera isiyo na betri ilianza kunguruma, zzz, zzz, mbele na nyuma, kama kitu kinachomtafuta mtu gizani, na kila iliponyamaza mtoto alishtuka kana kwamba ameguswa.

Picha zilirudi kwa basi kutoka Mombasa. Nyuso zote za harusini zilikuwa ukungu mtupu, bibi harusi ukungu, mama yake ukungu, lakini nyuma ya mabega yao, wazi kabisa hata mishipa ya shingo ikihesabika, alisimama mtu mrefu aliyeinama asigonge paa, na katika picha ya mwisho alikuwa amepiga magoti juu ya Halkano, mdomo wake ukiwa karibu na mdomo wa mtoto.

Walimwita Mwanahamisi, mganga kutoka Wenje. Alifukiza ubani, akanong'ona na mkoba kwa muda mrefu.

"Huyu alinunuliwa," alisema. "Hatupwi, hachomwi. Atamfuata atakayemnunua kwa hiari yake."

"Na huyo mnunuzi je, bibi?" Nuria aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwanahamisi akafunga kanga yake, akaondoka.

Kesho yake Liban, rafiki wa Halake na mpiga picha mwenzake wa soko la Garsen, aliinunua kamera kwa furaha. Kabla ya magharibi Halkano alinyonya, akalala. Nuria alilia, lakini hakumtazama mumewe.

Siku zikapita. Liban akaja mlangoni na bahasha.

"Ndugu yangu, nifundishe. Nimempiga picha binti yangu Nimo, ametoka ukungu. Na tangu juzi ana homa, hata sina raha ya kazi."

Halake aliichukua picha. Nimo alikuwa doa la rangi. Nyuma yake, yule mrefu alikuwa wazi kabisa, amemshika mtoto mabega kwa mikono miwili. Liban alikuwa akitazama doa tu.

Ndani, Halkano alicheka usingizini. Nuria alisimama nyuma ya pazia, akingoja kusikia mumewe atasema nini.

"Chumba chako kina giza," Halake alisema, akamrudishia picha. "Ongeza mwanga. Mpige tena."