Sombe kwenye Foleni ya Malori

Kila asubuhi Balthazar alikanda unga kwa unyenyekevu mkubwa, kama padri aliye madhabahuni. Mchana alipeleka chapati zake kwenye foleni ya malori, Tunduma. Jioni zilirudi, familia ikazila. Familia ilikuwa imechoka.

"Kaka," dada yake Yudita alisema, "leo hata kuku wa jirani amezigeuzia mgongo."

Familia hii ilikimbia vita Kongo, ikapokelewa na kupata vibali vyake. Kikundi cha vijana wakimbizi kilimwazima Balthazar jiko la mkaa, kwa sharti moja: asipopata wateja hadi Ijumaa, jiko litakwenda kwa kijana mwingine.

Jirani yao, Mama Gwalugano, mwuza maharage wa siku nyingi, alitazama rundo la chapati kama mtu aliyekuja kutoa pole ya msiba.

"Mwanangu, kwa nini chapati?"

"Kila mtu pale anauza chapati, mama."

"Ndiyo maana nauliza!"

Yudita alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kesho usipike," Mama Gwalugano alisema. "Nenda mikono mitupu. Waulize madereva wanatamani chakula gani na hawakipati. Ukishajua, pika kidogo, ujaribu."

Balthazar aliona aibu, lakini alikwenda. Dereva wa kwanza alitamani usingizi, akamwambia hivyo kwa ukali. Wa pili, mzee wa Kongo mwenye kofia, alishusha pumzi.

"Mwanangu, mimi natamani sombe."

Sombe! Ni kisamvu kilichotwangwa, kikapikwa kwa mawese. Balthazar alijua kukipika tangu utoto. Hakuwahi kukiuza kwa sababu aliogopa watu wa Tunduma watamcheka.

Alhamisi alinawa mikono, akapika sufuria ndogo, akaifunika vizuri. Mzee alionja. Kisha akapiga honi ndefu ya furaha.

Madereva wa nyuma walidhani foleni imesogea, wakawasha injini. Walipogundua ni sombe, walizizima, wakashuka na sahani. Sufuria ikaisha.

Ijumaa Balthazar alipika sufuria kubwa. Viongozi wa kikundi walikuja kuchukua jiko, wakakuta wateja wamepanga foleni, wakasukumana kufika mbele.

"Shikamooni, wakubwa," Yudita aliwaambia huku akipakua. "Wanaotaka kula wanaanzia kule nyuma."

Viongozi walitazamana, wakameza mate, wakaenda nyuma.