Mlezi wa Sataranji

Kidole cha Kalunde kilipomkaribia farasi, ubao ulijua. Kabla hajamgusa, chini ya kete pakawaka wekundu hafifu, kama kaa linapopulizwa, na sauti laini ya kike ikamwambia sikioni, "Si huyo, mama."

Akauondoa mkono haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto. Akausogeza kwa kitunda cha pembeni, yule askari mdogo wa sataranji. Pakawaka kijani. "Vema sana," sauti ikasema, na Kalunde, mtu mzima mwenye mvi zake, akajikuta anatabasamu peke yake katikati ya duka.

Tabora ya wakati huo ilikuwa imebadilika mno. Mapaa yalikunywa jua yakatoa umeme, roboti zilifagia barabara za Ng'ambo, na nje ya mji kulikuwa na uwanja wa kurushia vyombo vya kwenda Mirihi. Huko Mirihi ni mbali, jamani. Neno likitoka duniani, ugali unasongwa ukaiva na kuliwa nalo bado liko njiani. Kwa hiyo rubani akipatwa na jambo hawezi kuuliza mtu, ni lazima aamue mwenyewe. Ndiyo sababu Chuo cha Anga kiliwachagua watoto kwa sataranji. Walitaka kuona nani anaweza kukaa peke yake na shida yake akachagua njia.

Sizya, mtoto pekee wa Kalunde, hakutaka kitu kingine duniani ila chuo hicho. Mtihani ulikuwa baada ya mvua. Basi mama akaja kumchagulia programu ya kujifunzia.

Mwenye duka, fundi Chiwanga, alikuwa Mgogo, na Kalunde ni Mnyamwezi. Hao ni watani tangu enzi za misafara ya mababu, na mtani humwambia mtani wake lolote wala hakuna kununa.

"Mpagazi," Chiwanga alisema, "leo umekuja kubeba nini?"

"Akili. Maana kwako zimejaa, huzitumii."

Chiwanga akacheka. "Ninazo za aina tatu. Huyu anaitwa Mpinzani. Anacheza tu, anakufunga, ananyamaza. Huyu wa pili ni Mpekuzi. Mchezo ukishaisha, anaufumua wote kete kwa kete akuoneshe ulipoharibu. Lakini hasemi neno mpaka wewe umwoneshe kwanza unapodhani ulikosea."

"Mbona mkaidi hivyo? Ningekuwa najua nilipokosea ningemnunua wa nini?"

"Ndivyo alivyo."

"Na huyu wa rangi?"

"Huyo Mlezi. Kipuli chake kinasoma mapigo ya damu sikioni, ubao unasoma joto la kidole, anajua unachotaka kabla hujakitaka." Chiwanga akaushika ubao kama anayetaka kuuficha. "Huyo usimpeleke nyumbani. Atamla mwanao akili abakize kofia."

Kalunde akacheka. "Mgogo wewe. Kizuri unakificha ukampelekee ng'ombe wako akajifunze."

"Ng'ombe wangu atamfunga mpagazi yeyote. Lakini nasema kweli, ana madhara huyu."

"Kweli ya Mgogo."

"Mtoto atakaa mkono hewani kama anayekamatwa na polisi."

Hapo Kalunde alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mtani akishaapa kwamba anasema kweli, ndipo utani unapokolea. "Nifungie huyohuyo," akasema.

Chiwanga akasimama kidogo na boksi mkononi. Alitafuta namna nyingine ya kusema, lakini na mtani wake hakuwahi kuzungumza kwa namna nyingine. "Haya, mpagazi, beba mzigo wako," akasema mwishowe, na Kalunde akalicheka hilo pia.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Sizya aliwafunga wenzake wote wa klabu, akawafunga na wazee. Jirani zao walikuja kutazama jinsi kidole chake kinavyopita juu ya kete, kikisubiri, kisha kikashuka palipo kijani. Hakukosea. Kalunde alijua kwamba chumba cha mtihani hakiruhusu kipuli, ila alijiambia kwamba kufikia siku hiyo yote yatakuwa yamekwisha kuingia kichwani.

Kitu cha kwanza kilichomshtua kilikuwa kidogo. Asubuhi moja alimkuta Sizya mbele ya kabati, mkono umeelea juu ya nguo, haugusi hii wala ile.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Sitafuti, mama. Nachagua."

Akamchagulia gauni la bluu, mambo yakaisha.

Halafu siku ya karanga. Wawili hao walikuwa na mazoea ya kutegana vitendawili wakimenya karanga barazani, na Sizya alikuwa mtoto wa kujibu ovyo kwa kelele, akosee kumi apate moja.

"Kitendawili," Kalunde akasema.

"Tega."

"Mgeni wangu huingia bila hodi, nikiwasha taa hutoroka."

Zamani angerusha majibu: panya, mwizi, shemeji. Siku hiyo alinyamaza. Karanga ikabaki vidoleni haijamenywa.

"Giza limekushinda? Ah, nimeshalitaja. Basi jipya, hili." Kalunde akatega la pili, gumu zaidi, na la pili nalo likakutana na kimya. "Haya, umeshindwa. Nipe mji nikuambie."

Nanyi mnajua, anayeshindwa kitendawili hutoa mji, mji wowote, iwe Kigoma au Makka, aliyetega aende akale huko kisha arudi na jibu. Mtoto wa miaka mitatu hutoa mji.

Sizya akafungua mdomo, akaufunga. "Upi, mama?"

"Wowote."

"Upi ulio sawa?"

"Hakuna mji mbaya, Sizya. Taja tu."

Mtoto akaanza kutetemeka. Midomo ilitetemeka, kisha mabega, karanga zikamwagika chini, na hakuna mji uliotoka. Kalunde akamkumbatia akimwimbia kama mtoto mchanga.

Jioni hiyo alikizima kipuli, akakifungia. Alidhani basi.

Siku chache baadaye, mchana, alikuwa anaanua nguo uani akasikia harufu ya mafuta yanayoungua. Akaingia jikoni mbio. Kikaango kilikuwa kinawaka, ndimi za moto zimefika kwenye kabati la juu. Mbele yake alisimama Sizya. Kushoto kwake palikuwa na kifuniko, kulia ndoo ya maji, nyuma mlango wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, ukielea kutoka kifuniko kwenda ndoo, kutoka ndoo kwenda kifuniko, na vinyweleo vya mkono huo vilikuwa vimeshaanza kuungua.

"Sizya."

Mtoto akageuza uso, umelowa machozi. "Mama," akasema polepole, "hakuna rangi."

Kalunde alikipiga kifuniko juu ya kikaango, akamvuta mtoto nje. Alimpaka dawa mkononi, akamkabidhi kwa jirani, na akaenda dukani bila hata kubadilisha kanga iliyonuka moshi.

Chiwanga alimwona mlangoni. Akainuka.

"Karibu, mama Sizya," akasema.

Kusikia mtani wake anamwita kwa heshima, ndipo woga ulipomwingia Kalunde mifupani. Akatafuta kiti.

"Wako wengi kama mwanangu?" akauliza.

"Ni wengi. Nimewaandikia waliomtengeneza. Wanajibu kwamba watoto wanashinda." Chiwanga alikaa mkabala naye, akiangalia mikono yake. "Mlezi hafundishi sataranji, mama. Anafundisha kusubiri. Mtoto akishazoea kwamba kila kosa huzuiwa kabla halijatokea, kosa linakuwa dubwana. Hajawahi kulionja akaona kwamba mtu hafi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Kabla Chiwanga hajafungua mdomo, Kalunde akayasikia tena maneno yote, ng'ombe, kofia, polisi, na kicheko chake mwenyewe juu yake.

Akarudi na Mpekuzi.

Kila alasiri Sizya alicheza mchezo mfupi, mama yake akimtajia kete za kusogeza, na baada ya mchezo kioo cha Mpekuzi kiliuliza, "Unadhani ulikosea wapi?" Mtoto alikitazama mpaka kikajizima. Kesho hivyohivyo. Kalunde alikaa kando ameuma ulimi, maana kumjibia kungekuwa Mlezi mwingine mwenye kanga. Hatimaye siku moja Sizya akanyoosha kidole akaonesha ngome. Haikuwa hapo. Mpekuzi akasema, "Sivyo, lakini tuanzie hapo," na mtoto akashusha pumzi ndefu kama aliyetua mtungi.

Ila mvua ikawa imekwisha, na mtihani ukafika.

Ukumbi wa Chuo cha Anga ulikuwa mweupe, na wazazi waliwekwa nyuma ya kioo kizito. Msimamizi alisoma masharti: masikio matupu, mbao za mti tu, na atakayesema na mwenzake au kumgusa anatolewa papo hapo. Saa za mezani zikawashwa.

Kalunde alimtafuta mwanawe, akamwona safu ya kati, ameketi mbele ya binti mwembamba mwenye miwani. Binti huyo ndiye alikuwa na kete nyeupe, ndiye wa kuanza. Mkono wake ulikuwa umeelea juu ya vitunda. Kalunde akangoja ushuke. Haukushuka.

Akatupa macho meza ya jirani. Huko pia mkono ulikuwa hewani. Akatazama safu nzima, kisha ukumbi wote. Meza kwa meza, mikono midogo ilikuwa imeelea juu ya mbao, inakwenda huku, inarudi, haigusi kitu. Hakuna kete iliyosogea. Kulikuwa na mlio wa saa tu. Mama mmoja kando ya Kalunde alianza kugonga kioo kwa kiganja, "Cheza, baba, cheza chochote," lakini kioo hakikupitisha sauti.

Kwenye meza ya Sizya saa ya binti wa miwani ilikuwa inayoyoma. Ikiisha, Sizya angeshinda bila kufanya kitu. Angekaa tu mikono mapajani, na chuo kingekuwa chake.

Kalunde aliona uso wa mwanawe ukikunjamana. Aliuona mkono wake, wenye kovu la moto, ukiinuka, ukaelea hewani kwa muda mrefu usiovumilika. Kisha ukavuka ubao mzima. Ukaushika mkono wa yule binti, ukaushusha taratibu mpaka vidole vyake vikagusa kitunda, vikakisogeza mbele.

Msimamizi alikuwa ameshainuka kitini, anakuja kati ya meza. Sizya alimwona. Lakini hakuuachia ule mkono.