Mteja Asiyeulizwa

Umeme ulikatika mchana kweupe, runinga ikafa, na saluni nzima ikaguna kwa pamoja kasoro mtu mmoja. Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, aliendelea kuikodolea ile runinga nyeusi. Mara akatabasamu. Mara akashika mdomo, kama mtu aliyeona jambo kubwa.

"Kumbe yule mlinzi si kipofu," akasema. "Amevua kitambaa. Anamwangalia malkia machoni."

Watu wakacheka. Muuza mitumba, ambaye alisukwa wiki iliyopita na tangu siku hiyo haondoki, akamwambia, shoga yangu, hiyo ni njaa, maana huyo mlinzi ni kipofu tangu tamthilia inaanza, ameshajigonga kwenye kuta zote za kasri na kisimani akatumbukia. Lakini umeme uliporudi kipindi ndiyo kinaishia, na mlinzi alikuwa amesimama mbele ya malkia, kitambaa mkononi, macho mazima yamemkazia.

Kicheko kikafia njiani.

Tamthilia yenyewe ilikuwa imeshika mtaa mzima. Mambo ya falme na mazimwi na wafu wanaotembea, imetiwa sauti za Kiswahili, kila siku saa tisa, na haikuwa na huruma hata kidogo. Unayempenda anachinjwa akiwa anacheka. Unayemlaani miezi yote anageuka kuwa ndiye baba mzazi. Mwenye saluni, waliyemwita Chapuchapu kwa wepesi wa vidole vyake, alikuwa mgonjwa wa kitu hicho. Shida yake hawezi kungoja. Angekuwa na uwezo angeifungua runinga kwa bisibisi aitoe sehemu ya kesho.

"Dada, umeiona wapi?" akauliza.

"Sijaiona." Mteja alimtazama kupitia kioo. "Hiyo nimekuonjesha tu. Nyingine sisemi mpaka niulizwe."

Mwingine angestuka hapo. Chapuchapu akasikia utamu. Akauliza nani alimpa mfalme sumu. Mama yake mwenyewe, akajibiwa, alimnyonyesha nayo tangu mchanga. Saluni ikapiga miluzi. Chapuchapu akauliza tena, na safari hii vidole vyake vilikuwa vimesimama kabisa, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliona.

"Na kubwa kuliko yote? Lile litakaloniacha mdomo wazi?"

Mteja akafumba macho, kichwa akakilaza upande kidogo, kama anayesikiliza watu wanaoongea juu ya dari.

"Mwenye mimba hatazaa," akasema. "Wala mimba haitaharibika. Itahama."

Malkia alikuwa mjamzito, kwa hiyo maneno yakawaka. Wengine walisema haiwezekani, wengine wakasema kwa tamthilia ile lolote linawezekana. Mdogo, ndugu yake Chapuchapu wa tumbo moja, alikuwa anafua taulo kwenye beseni, tumbo lake mwenyewe limemtangulia mbele, akauliza hivi hao wanaotunga wanavuta nini. Wakacheka mpaka muuza mitumba akashika mbavu. Mteja hakucheka. Alifunga kitambaa juu ya ile nusu iliyobaki, akaahidi kurudi keshokutwa amaliziwe, akatoka.

Chapuchapu alipochukua chanuo kulisafisha, hakukuta unywele hata mmoja. Alikuwa amekichana kile kichwa tangu asubuhi. Chanuo lilikuwa safi, la baridi, linanuka udongo, si wa mvua, ule wa chini kabisa ya shimo.

Kesho yake mama wa mfalme alikiri. Maziwa, sumu, kila kitu kama kilivyosemwa, na muuza mitumba akamwaga chai. Halafu malkia akashikwa na uchungu, watu wote wakasogea mbele kungoja hiyo mimba ihame, na malkia akazaa. Mtoto wa kiume, mzima, analia sauti ya kujaza chumba. Wateja wakasema basi yule dada kapatia moja kakosa moja, wakarudi kwenye habari zao.

Chapuchapu peke yake alibaki ameikodolea runinga. Rasta zilikuwa zimemning'inia mkononi. Yeye hakuwa ameuliza habari ya malkia. Alikuwa ameuliza kitakachomwacha yeye mdomo wazi. Na mle ndani, mwenye mimba alikuwa mwingine mmoja tu, ameinama kwenye beseni, anakamua taulo na kuimba chinichini. Mimba mbili Mdogo alishazipoteza kabla ya hii. Hii ndiyo ya kwanza kufika miezi ya mwisho, na nguo za mtoto zilikuwa zimekunjwa kabatini tayari.

Jioni hiyo Mdogo alimvuta pembeni.

"Dada, usinicheke. Mtoto amelala upande mmoja."

"Watoto wanageuka, mdogo wangu."

"Huyu hageuki hivyo." Akamshikisha tumbo, na kweli, kulia kulikuwa kugumu kama goti, kushoto kumetulia kutupu. Mdogo akajigeuza taratibu mzima mzima. Chini ya kiganja cha Chapuchapu kile kigumu kikateleza, kikahamia kushoto. "Umeona? Popote nikikaa, anasogea upande wa mlango."

Wakaenda zahanati, nesi akapima akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri, apumzike, apunguze na tamthilia. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kufungua, Chapuchapu alikwenda kwa mganga. Mganga mwenyewe alikuwa anauza magodoro. Wenye shida zao aliwapeleka nyuma ya duka, wanakaa juu ya godoro lenye nailoni, kila wakitikisika linalia, na aibu inakuwa mara mbili. Alimsikiliza bila kumkatiza, halafu akauliza jambo moja tu: kichwa umekimaliza?

"Nusu."

Mganga akapangusa uso. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hao si watu, wanadokoa maneno huko juu, wanasikiliza yanayopangwa, lakini hawana ruhusa ya kuyaleta hapa kwetu. Mlango wao ni swali. Anayeuliza amewafungulia. Huyu ameshafunguliwa, ameshaingia, ameshaona anachokitaka, na swali moja zaidi litampa ruhusa ya kukibeba.

Chapuchapu akasema basi atafunga saluni, atamficha mdogo wake mbali. Mganga akatikisa kichwa. Kichwa chenye nusu kitamfuata msusi wake popote, na mtoto ameshajua upande wa kugeukia. "Mmalizie nywele zake. Ukifunga kazi uliyoifungua, anaondoka na hana pa kurudia. Lakini usimuulize kitu, mama. Chochote. Hata kama anaumia."

Njiani Chapuchapu ndiyo akaona uzito wa alichoambiwa, maana kazi yake yote ni kuuliza. Nikaze? Inavuta? Urefu mpaka wapi? Kichwa cha mtu ukikishika, swali linatoka lenyewe.

Aliwatimua wateja wengine kwa kisingizio cha maji kukatika, akazima runinga, akamlaza Mdogo chumba cha nyuma na kumwambia hata iweje asitoke. Mteja akaja saa zile zile. Alikaa, akafungua kitambaa, na ile nusu iliyokuwa imetimka ilikuwa imetimka vile vile, hakuna unywele uliolala.

Chapuchapu akaanza kusuka.

Mwanzoni mteja aliongelea tamthilia. Mwisho wake naujua, alisema, utawaliza wote, na akanyamaza, akaliacha neno linaning'inia. Chapuchapu akaumeza ulimi. Kisha mteja akasema unanivuta sana hapa nyuma, ukitaka kujua wapi uliza, na Chapuchapu akalegeza mkono bila kujua analegeza wapi, jasho linamchuruzika mgongoni, huku ngozi ya kile kichwa ikizidi kuwa ya baridi chini ya vidole vyake na ile harufu ya shimo ikipanda kila alipogawa mstari mpya. Halafu sauti ya mteja ikashuka, ikawa laini kama ya ndugu, ikamwambia kwamba yule mume wake aliyetoka asubuhi moja na shati la kijani kwenda kutengeneza kiatu na hakurudi, bado analivaa lile shati, Jumapili, mbele ya watoto wake wengine, na mtaa anaokaa hauko mbali, ni jina moja tu la kutaja, na Chapuchapu, ambaye miaka yote amekuwa akilala na swali hilo na kuamka nalo, akang'ata ndani ya shavu mpaka akasikia chumvi ya damu, akasuka, akafunga, akachukua nyingine, akasuka, na kutoka chumba cha nyuma akasikia Mdogo anagugumia polepole kama mtu anayesukumwa usingizini, kitanda kinalia, kinanyamaza, kinalia tena, na mteja akasema unamsikia, hujui anaumwa nini, mimi najua, uliza tu, na machozi yakawa yanamwanguka Chapuchapu juu ya zile rasta na yeye hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na kazi ilikuwa inakaribia kwisha.

Ikabaki ya mwisho, nyuma ya sikio. Akaifunga.

Chumba cha nyuma kikatulia.

Mteja naye akashusha mabega, kama mtu aliyeshindwa. Chapuchapu akachovya ncha za nywele kwenye maji ya moto, akazikausha kwa taulo, akapaka mafuta kwenye mistari. Mikono ilikuwa myepesi. Alihisi kicheko kinamjia, kile cha mtu aliyeponea chupuchupu. Alikuwa ameshinda hata kishawishi cha jina la mtaa. Akatungua kioo cha mkono ukutani, akakishika nyuma ya kichwa cha mteja ili ajione kisogoni, kama alivyomfanyia kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kile kiti.

"Umependa?" akasema.

Kwenye kioo kikubwa, mteja alifumbua macho.

"Nimependa," akajibu. "Sana."

Akainuka. Aliinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameupitisha chini ya tumbo ambalo alipokuja halikuwepo. Akatembea miguu imeachana kidogo, akashika mlango, akatafuta ngazi kwa wayo kwanza kabla ya kuikanyaga, kama wanavyofanya walio na kitu cha kuchunga, akashuka juani.

Chapuchapu alisimama na kioo chake mkononi. Hakuweza kugeuka.

"Dada," Mdogo akaita kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamka vizuri. "Njoo uone. Gauni limenipwaya."