Baridi ya Tarime

Koti lilikuwa moja, na waliolitaka walikuwa wawili. Honoratha aliushika mkono wa kushoto, mwanamume mmoja mrefu akaushika wa kulia, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Ilikuwa sokoni Tarime, mbele ya lundo la mitumba la Atieno, mvua ya mchana imetoka kukatika na tope limejaa kila mahali. Honoratha alikuwa amevaa gauni la maua la kitambaa chepesi na viatu vya wazi, mavazi ya mtu wa Lindi, na meno yalikuwa yakimgongana.

"Dada, hilo ni la kiume."

"Baridi haina kiume wala kike, kaka. Achia."

"Wewe mura, kijana mzima, mwachie mgeni!" Atieno alifoka. "Si unaona anatetemeka? Mkilipasua mtalinunua wote wawili."

Yule mwanamume akacheka kicheko kikubwa, akaachia, kisha akalichukua tena na kumvika mabegani mwenyewe. Lilikuwa koti la kahawia, zito, mikono yake ikamfunika Honoratha mpaka vidole. Akasikia joto likimpanda taratibu mgongoni, na sijui kama lote lilikuwa la koti.

Jina lake Joram, mwalimu wa sekondari, amepanga mtaa wa Nyamisangura. Honoratha alikuwa muuguzi, na Tarime alikuja kuiangalia tu. Muuguzi mmoja wa pale, Gift, alikuwa akitafuta mtu wa kubadilishana naye kituo ili aende Lindi kwa mumewe. Honoratha alikuwa amelichoka joto la kwao na kuchoka kuulizwa na shangazi zake ataolewa lini, lakini akasema hasaini kitu kabla hajauona mji kwa macho yake.

Na mji, kusema kweli, haukumpendeza. Asubuhi ukungu ulivimeza vilima vyote, akabaki anaona migomba na mapaa ya bati. Ugali wa mtama ulimkaba koo. Watu nao waliongea kwa sauti za ugomvi. Mama muuza ndizi alimfokea mpaka akarudi nyuma, kumbe anamkaribisha.

"Hamjui kuongea polepole?" alimuuliza Joram siku ya pili, wakinywa chai ya maziwa.

"Tukiongea polepole watu wanadhani tunaumwa."

"Nami nikihamia hapa nitakuwa kiziwi."

"Utakuwa kiziwi mwenye koti zuri," alisema Joram, na macho yake hayakuondoka usoni kwake.

Akaanza kumtembeza. Kila alipotoka kazini alimpitia, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, viatu vimeshakuwa vyekundu kwa udongo. Walipanda hadi juu ya kilima, ukungu ukafunguka, na Honoratha akauona mji mzima chini yake: bati, migomba, moshi wa majikoni, na nyuma yake mashamba ya kijani mpaka kwa Wakenya. Hapo ndipo moyo ulipomwendea. Usiniulize ulikwenda kwa mji au kwa mwalimu.

"Nitasaini," alisema.

"Subiri kwanza uone kijijini kwetu, Nyanungu. Wazazi wangu wote wawili wametangulia. Amenilea mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, Mama Nyangi. Mwanamume wa nyumbani pale ni mimi peke yangu, kwa hiyo ukikubaliwa na yeye, umekubaliwa na wote."

Walikwenda Jumamosi. Mama Nyangi, mama wa makamo ya juu, mkavu, kitambaa cha njano kichwani, aliipokea shikamoo ya mgeni kwa mikono miwili. Haukupita muda, yeye na Joram wakaenda kuangalia ng'ombe aliyezaa. Honoratha akabaki uani na mwanamke kijana aliyekuwa akichambua mboga, mtoto mgongoni, mwingine akicheza miguuni pake.

"Naitwa Boke," alisema yule mwanamke kwa uchangamfu. "Mimi ndiye mke wa hapa. Nilitolewa ng'ombe wengi, wewe! Baba yangu mpaka leo anajisifu."

Honoratha aliwatazama wale watoto. Mwanamume wa pale nyumbani alikuwa mmoja tu, Joram amesema mwenyewe. Joram aliporudi akicheka, maziwa ya moto mkononi, alimkuta mgeni amesimama, pochi begani.

"Kichwa kinaniuma. Nirudishe mjini."

"Honora, vipi tena? Umekosewa?"

"Nirudishe tu, Mwalimu."

Kesho yake alfajiri alipanda basi bila kuaga.

Lindi ilimpokea na jua lake. Joram alipiga simu, hakupokea. Akaandika: "Ni baridi? Ni kelele zetu? Sema nirekebishe." Hakujibu. Kila alipoiona namba ile alitamani kuipokea, na kila alipotamani alimkumbuka Boke na watoto wake, akajiona mpumbavu wa kutungiwa wimbo. Alimwambia Gift ahadi ya kubadilishana imevunjika. Lakini koti hakulitupa. Lilining'inia nyuma ya mlango katika chumba ambacho hata shuka lilikuwa zito, na jioni akipita alilinusa: moshi wa kuni na mvua.

Mvua za masika zilipokaribia, Gift akampigia kwa furaha. Amepata mtu mwingine, barua zimepita, anahama. Honoratha akampongeza, akakata simu, akakaa kitandani na kulia kwa sauti. Mlango wa Tarime ulikuwa umefungwa, na yeye ndiye aliyeusukuma. Kwa uchungu ule akamwandikia Joram alichokimeza muda wote: "Mtunze Boke, mkeo. Usiwadanganye wasichana wa watu."

Simu iliita kabla hajafuta machozi. Namba ilikuwa ya Joram, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke, ya juu kama inavuka bonde.

"Wewe binti! Boke ni mke wangu!"

"Shikamoo, mama. Mke wa... nani?"

"Marahaba. Wangu mimi, Nyangi! Ng'ombe nimewatoa mimi. Mungu alinipa mabinti, wameolewa wote. Nyumba yangu ibaki bila mtoto wa kiume? Joram ni wa nyumba ya mke mdogo. Kwetu mwanamke aliye hivyo anaoa mke wa kumzalia watoto. Watoto wale ni wangu. Aliyezaa nao ni mwanamume wa ng'ambo ya mto, Boke amemchagua mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," alisema Honoratha kwa sauti ndogo.

"Basi usimuue mtoto wangu kwa mawazo. Mchukue huyu."

Kisha ikaja pumzi aliyoijua.

"Joram, kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani kila mtu anajua. Mimi nimekulia humo. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu." Akafuta pua. "Nimechelewa. Gift amepata mtu mwingine. Sina tena njia ya kuja."

"Ipo moja."

"Ipi?"

"Mtumishi anaruhusiwa kuhama kumfuata mwenza wake."

Honoratha akasimama. "Mwalimu, unaniposa kwenye simu?"

"Ulikimbia kabla sijakuposa uani. Shule zikifungwa nakuja Lindi na wazee. Mama anauliza kama kwenu wanapokea ng'ombe."

"Kwetu hatuna hata zizi."

"Tutajenga. Unakubali?"

"Nakubali, mpenzi. Lakini uhamisho unaweza kuchukua mwaka mzima."

"Utachukua. Na mimi nitasubiri, hata kama sijui nitausubirije."

Kupitia simu Honoratha alisikia mvua ikipiga bati la Nyanungu. Akanyoosha mkono nyuma ya mlango.

"Unafanya nini?" aliuliza Joram.

"Navaa koti."

"Na joto la huko?"

Jasho lilikuwa tayari likimtiririka shingoni. Akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.

"Nasikia baridi ya Tarime," alisema, na hakuwa akitania.