Mlango wa Chumba cha Majoho

Saa saba mchana soko lilikuwa limejaa hadi watu wanapita ubavu ubavu. Msichana mmoja mwenye gauni la njano alisimama mbele ya meza ya fundi wa kufuli, akafungua leso, akatoa kipande cha sabuni ya kufulia.

Fundi aliitazama sabuni, kisha akamtazama msichana. Shingo ndefu, macho ya mtu asiyelala vizuri, na pini sita za mshonaji zimechomekwa kwenye kola kama mkufu uliokosea njia.

"Dada, hapa tunachonga funguo. Wanaofua wako kule bombani."

"Igeuze."

Akaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na alama ya ufunguo, imekandamizwa vizuri, kila jino likionekana. Utani ukamtoka mdomoni.

"Mlango wa nani?"

"Wa kazini."

"Mwenye mlango anajua?"

"Mwenye mlango ndiye anayetufungia."

Alisema hivyo huku akitazama nyuma yake, akaeleza kwa haraka. Walikuwa wanawake tisa kwenye chumba kimoja cha nyuma, madirisha yana nondo, wanashona majoho ya kwaya kwa ajili ya jubilei ya kanisa. Bosi wao, mzee wa kanisa anayeheshimika, hufunga kitasa kwa nje kila asubuhi ili kitambaa kisitoke na wao wasitoke. Wiki iliyopita pasi iliunguza joho, moshi ukajaa. Waligonga mlango hadi mikono ikavimba. Mzee alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, ufunguo uko mfukoni. Mwenzao mmoja, mjamzito wa miezi minane, alilala sakafuni na kuweka mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango apate kuvuta hewa. Siku iliyofuata mzee alisahau ufunguo mezani, msichana akaukandamiza kwenye sabuni.

"Nusu saa," alisema. "Sasa nikisikia tu harufu ya pasi, miguu inakufa ganzi."

Fundi alikuwa na sheria moja tangu afundishwe kazi: bila mwenye mlango, hachongi. Sheria hiyo ilikuwa imedumu miaka saba. Siku hiyo haikumaliza hata dakika saba.

"Njoo kesho, Pini. Na uache namba ya simu."

"Pini ndiye nani? Na namba ya nini?"

"Ufunguo ukigoma, nijue wa kumwomba radhi."

Ufunguo haukugoma, lakini simu alipiga. Akapiga tena kesho yake kuuliza kama bado haujagoma. Siku ya kumi aliacha kuuliza habari za ufunguo.

"Umekula, roho yangu?"

"Fundi, roho yako iko kifuani kwako, niache nishone."

"Mbona unacheka?"

"Nacheka kwa sababu naogopa. Ufunguo nimeushonea ndani ya pindo la gauni. Nikitembea unanigonga goti."

"Basi unakumbuka nipo."

Alikuwa akikumbuka, tena sana. Ndiyo maana Alhamisi moja Pini alimwalika kwenye kundi lao la kujifunza neno, saa kumi na moja jioni, kwenye chumba cha pembeni cha kanisa. Fundi alikuja na shati jeupe lenye mikunjo ya pasi iliyonyooka kama rula, viatu vinang'aa, na manukato ya kutosha watu watano.

Kundi lilikuwa likisoma manabii wa Kiebrania. Aliyeliongoza alikuwa Mwalimu, mstaafu wa hisabati, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Jioni hiyo walikuwa kwa yule nabii mchunga kondoo, aliyetumwa kuwaambia watu wa ibada kwamba Mungu amechoshwa na nyimbo zao, maana wakitoka hekaluni wanamkanyaga mnyonge.

"Hawa watu walikuwa na kwaya nzuri," Mwalimu alisema. "Msidhani Mungu alikuwa hapendi muziki."

Kundi hilo lilikuwa na utaratibu wake. Baada ya kusoma, kila mtu alipaswa kusema jambo moja aliloliona mtaani, linalofanana na maneno ya nabii, bila kutaja jina la mtu. Mwalimu aliogopa kwamba unabii ukibaki huko ulikoandikwa, watu watakwenda nyumbani wamefurahi tu. Mmoja akasema habari za mjane aliyesukumwa kwenye foleni, mwingine habari za kibarua aliyezungushwa malipo yake. Zamu ikamfikia Fundi.

Angeweza kusema hana. Lakini Pini alikuwa amekaa kando yake, amevaa blauzi ya zambarau, na kijana aliyependa hajui kunyamaza.

"Mimi kuna dada mmoja aliniletea sabuni," alianza, "imepigwa alama ya ufunguo."

Pini alimpiga teke chini ya meza. Fundi akadhani ni mahaba, akazidi kunoga. Akaeleza chumba, moshi, na mwanamke aliyelaza mdomo kwenye upenyo wa mlango. Jina la mtu hakutaja hata moja. Alipomaliza akajisikia nabii mdogo.

Ndipo akaona Pini amekuwa kama majivu. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mama mmoja mwenye miwani ya kamba na sketi ya kijivu aliyekaa karibu na chupa ya chai, kikombe kimeganda mkononi. Mke wa mzee wa kanisa. Mke wa bosi.

Usiku ule Fundi alipiga simu mara nyingi, Pini akapokea mara moja tu.

"Umeniuza."

"Sikutaja jina, mpenzi wangu."

"Hukutaja jina, umetaja mlango. Mji huu una milango mingapi inayofungia wanawake na moshi?"

"Sikujua kama yule mama ni..."

"Ungeniuliza. Nilikupiga teke, wewe ukatabasamu."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Usinipigie."

Ijumaa Pini alikwenda kazini. Mzee alikuwa mlangoni, suti nyeusi, tai ya bluu, na Pini akasubiri kufukuzwa. Mzee akamwambia, "Mungu akubariki, mwanangu," akafunga. Hilo lilimtisha kuliko matusi. Mchana kutwa alishona huku akitegea sikio kila hatua nje ya mlango, akajitoboa kidole mara mbili.

Fundi naye alipigiwa simu. Sauti ilikuwa nzito, ya taratibu.

"Wewe ndiye unayechonga funguo sokoni? Njoo kesho saa nne kwenye chumba changu cha majoho. Nataka uniwekee komeo la nje; kufuli kubwa nimeshanunua. Lisilokuwa na tundu upande wa ndani."

Fundi alielewa. Ufunguo wa pindoni ungekuwa chuma cha bure.

Saa nne alifika na sanduku lake. Cherehani zote zilikuwa zikienda, majoho meupe yamening'inia ukutani yakiwa hayana watu ndani. Pini aliinua macho, akamwona anaingia na nyundo, akayainamisha. Alichoelewa kilimwumiza zaidi ya mwanzo: aliyemsaliti kwa mdomo sasa amekuja kumalizia kwa mikono.

Fundi alitoboa fremu ya mlango, matundu manne. Mzee alisimama begani pake, anapumulia sikioni. Komeo lilipokuwa tayari kukazwa, bisibisi ilimtoka. Akaiokota. Ikamtoka tena.

"Unaumwa?" Mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Hapa sitaweka."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Kijana," Mzee alisema polepole, "ufunguo wa mlango wangu ulichongwa bila ruhusa yangu. Nikinyanyua simu hii, leo unalala kituoni, na ile meza yako unaisahau. Nani alikuletea ile sabuni?"

Jasho lilimtiririka Fundi hadi ndani ya kola. Meza ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake.

"Nilichonga mwenyewe," alisema. "Sikuletewa na mtu. Nilipita, nikaona mlango, nikatamani tu kujaribu."

Ulikuwa uongo wa kitoto, hata cherehani hazikuuamini. Pini alisimama.

"Anadanganya, baba. Nilipeleka mimi. Nilitaka nisife humu."

Mzee alifungua simu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye namba pale mkewe alipotokea koridoni, miwani imening'inia kifuani. Juzi alimwambia mumewe yote aliyoyasikia kundini, akamsihi aache mlango wazi, na jibu alilopata ndilo hilo komeo. Alimpita mumewe bila kumsalimu, akaingia chumbani, akakaa kwenye cherehani ya yule mjamzito aliyeacha kazi baada ya moshi.

"Fundi, weka komeo," alisema. "Baba, akimaliza funga, uende mazoezini. Mimi nipo humu hadi jioni."

"Mama, toka huko."

"Funga."

"Unanidhalilisha mbele ya watu."

"Leo hawa ni watu? Mbona siku nyingine unawafungia? Funga, baba. Uimbe vizuri."

Mzee aliushika mlango. Akauvuta nusu. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua angeufanya nini, na Pini alihisi harufu ya moshi ambao haukuwepo. Kisha Mzee akaliokota lile kufuli jipya sakafuni, akalitia mfuko wa koti hadi likavuta bega upande mmoja, akaondoka.

Adhuhuri Pini alimkuta Fundi amekaa kwenye ngazi za nje, sanduku kati ya miguu.

"Mbona hujaondoka?"

"Miguu haijakubali. Na wewe nilikukosea. Nilitaka unione mkubwa, nikakuweka wewe hatarini."

"Ulikuwa unanukia sana pia siku ile."

"Nayo naomba radhi."

Pini alikaa kando yake.

"Polisi wakija?" aliuliza.

"Wakija watanikuta nimeshakuuliza. Nije kwenu, na wazee wangu?"

Kabla Pini hajajibu, simu yake ililia. Jina la Mzee lilikuwa kwenye kioo. Fundi alisimama, akakaa. Pini akapokea kwa kidole kilichofungwa kitambaa.

"Mama bado yuko humo?" Mzee aliuliza.

"Yuko, baba. Anashona."

"Anashona nini?"

"Pindo. Vibaya sana."

"Mwambie arudi nyumbani. Kufuli nimelirudisha dukani. Na kile kitasa, huyo kijana wako akitoe leo. Nyie njooni Jumatatu." Akakohoa. "Na aache kuchongachonga milango ya watu."

Simu ikakatika. Fundi aliufuta uso kwa mkono wa shati.

"Amesema kijana wako," alisema. "Ndiyo jibu hilo?"

"Hilo ni jibu la Mzee. Langu lina sharti. Mimi silali kwenye chumba ambacho siwezi kukifungua mwenyewe."

"Naoa, halafu nyumba iwe wazi kama soko?"

"Tutafunga. Ufunguo utakaa upande wangu."

"Na nikichelewa kurudi?"

"Utagonga, useme jina lako, nami nitafikiria."

"Basi nije lini?"

Pini alimshika mkono, akamvuta.

"Jumapili baada ya ibada," alisema. "Sasa inuka, kakitoe kile kitasa."