Hatua Saba za Chiriku

Kila asubuhi kabla ya chai, Chiriku alilizunguka gari la mama yake akachungulia matairi yote manne, moja baada ya jingine, kutafuta misumari. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea na kuku, aliongea na ndoo, na hayo matairi nayo aliyapa habari zote za shuleni.

Mama yake alikuwa dereva. Gari lake lilikuwa la kazi hasa, limeinuka juu na magurudumu yote manne yanavuta. Kila Alhamisi lilimpeleka muuguzi kwenye zahanati ya mlimani kuchanja watoto. Saa nzima ya safari hiyo ilikuwa lami, kona na miteremko tele. Kisha ikafuata nusu saa ya njia ya udongo, ambayo mvua ikinyesha hugeuka uji.

Sasa matairi ya zamani yalikuwa yameota kipara, na mvua ndizo hizo zimeanza. Mama akaenda kwa fundi wa tairi, na Chiriku nyuma yake.

"Dada, nina aina mbili," fundi alisema. "Haya yenye meno makubwa ni ya tope. Yanang'ata ardhi mpaka unatoka. Haya mengine ni ya njia zote. Meno yake madogo, yamekaa karibu karibu. Kwenye tope yatakutoa jasho kidogo, lakini lami yanaishika."

"Na hayo makubwa kwenye lami?"

"Yanaunguruma. Na ikiwa imelowa..." Fundi alipeperusha mkono wake huku na huku. "Kukudanganya siwezi, na hesabu kamili sina. Chukua seti moja wiki hii, nyingine wiki ijayo. Jipimie mwenyewe."

Kumwambia mama ajipimie ilikuwa kama kumwambia samaki aogelee. Nyuma ya ghala moja kuukuu kulikuwa na kipande cha barabara ya lami kilichofungwa, asipopita mtu wala baiskeli. Mama alipaka jiwe chokaa, akaliweka kando ya barabara. Mvua ilipokatika, alikuja kwa mwendo wa hamsini na kukanyaga breki palepale penye jiwe. Gari liliposimama kabisa, Chiriku alitoka nyuma ya ukuta wa ghala, akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe hadi tairi la mbele.

"Mimi kwenye usukani nahisi tu, na kuhisi kunadanganya," mama alimwambia. "Macho yangu ni wewe. Ukisema ishirini, kwangu ni ishirini."

Wiki ya kwanza walipima matairi ya njia zote. Hatua ishirini na tatu. Mlimani yalikwama mara moja, muuguzi akashuka kusukuma na akarudi mjini ana tope hadi kwenye nyusi.

Wiki ya pili yakafungwa yale ya tope, na hapo Chiriku alipagawa. Gari lilionekana kubwa, la kutisha. Wenzake shuleni walilipa jina la Faru, na wale waliozoea kumcheka kwa domo lake sasa walimsindikiza hadi nyumbani wapate kuligusa. Mlimani Faru hakukwama hata kidogo. Kwa Chiriku mambo yalikuwa yamekwisha, kupima ni kutimiza wajibu tu.

Lakini nyuma ya ghala, breki zilipokanyagwa, Faru aliteleza. Alilipita jiwe, akapita pale gari liliposimama wiki iliyopita, akaendelea. Chiriku alihesabu hatua thelathini na moja. Akarudia kwa hatua ndefu zaidi, akapata ishirini na tisa, na mwenyewe alijua kwamba anajiibia.

"Ngapi?" mama aliuliza dirishani.

"Ishirini na nne," Chiriku alisema. Aliongeza ile moja kwa makusudi, isije ikaonekana kwamba amenakili.

Mama alikunja uso. "Nimeona kama limekwenda mbali." Alimtazama binti yake, kisha akachukua daftari. "Haya. Aliyehesabu ni wewe." Akaandika ishirini na nne. Jioni ile akamwambia fundi kwamba anabaki na matairi ya tope, maana kwenye lami tofauti ni hatua moja tu.

Tangu hapo Chiriku hakuwa na raha. Kila alipotaka kusema, alimwona Faru, aliwaona wenzake, akaghairi. Mama alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Alhamisi, somo la kwanza halijaisha, mvua ilishuka. Ilipiga bati mpaka sauti ya mwalimu ikapotea. Wenzake walifurahi kwamba hakuna kusoma, lakini Chiriku alikuwa roho juu. Saa hiyo mama yupo kwenye lami. Saa hiyo anaukaribia mteremko wa darajani, na kichwani ana ishirini na nne.

Alipiga moyo konde, akaenda mbele. "Mwalimu, naomba simu yako. Mama yangu anaweza kugonga kwa sababu yangu."

Mwalimu aliuona uso wake, hakuuliza mengi. Mama hapokei simu akiwa anaendesha, hilo Chiriku alilijua, kwa hiyo akaomba ipigwe ya muuguzi, aliyekaa kiti cha pembeni. Iliita mara ya kwanza ikakatika. Mara ya pili muuguzi akapokea, akaweka spika.

"Mama, si ishirini na nne," Chiriku alisema. "Ni thelathini na moja. Nilidanganya. Mama, tafadhali, punguza mwendo."

Alisikia injini ikishuka sauti, kisha simu ikakatika.

Saa zote zilizobaki alikaa dawatini bila neno, mpaka jirani yake akamuuliza kama ulimi umekatwa. Alasiri, alipokwisha kurudi nyumbani, honi iliyozoeleka ilisikika nje. Chiriku alikimbia bila viatu. Mama alishuka, nguo zimelowa, lakini mzima. Chiriku alimkumbatia akalia.

Mama alimwacha alie, kisha akamketisha kwenye ngazi ya mlango.

"Ulipopiga, nilikuwa juu ya mteremko," alisema. "Nikapunguza, nikawa natambaa tu. Chini, nikipinda kona, lori limeharibika, limelala katikati ya njia. Nikakanyaga breki. Gari letu liliposimama, nilishuka nikapima kwa miguu. Baina yetu na lori zilibaki hatua tano." Alimgeukia binti yake. "Wewe uliniibia ngapi?"

"Saba."

"Toa saba kwenye tano."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Hazitoshi, mama."

"Hazitoshi. Mwanangu, mtu akikuamini, hukanyaga pale ulipomwambia kuwa ni imara. Ukimdanganya kwa jambo dogo la kujivunia, anayeanguka ni yeye, na wewe hata hupo umdake. Leo umesema kweli mbele ya darasa zima, na imetufaa. Lakini ulichelewa siku tano. Safari nyingine usichelewe."

Jumamosi fundi alifunga matairi ya njia zote. Kwenye tope watasukuma, mama alisema, kusukuma hakuui mtu. Nyuma ya ghala wakapima upya. Chiriku alihesabu kwa sauti, akarudi kwenye jiwe, akahesabu tena.

"Ishirini na tatu," alisema.

Mama alimtazama kwa muda, kalamu ikiwa juu ya daftari. Kisha akaandika.