Dohani Iliyozibwa

Nyumba ilianza kunuka moshi siku ile ile Sylus alipoziba dohani.

Ilikuwa nyumba ya mawe ya enzi za reli ya kwanza, nyuma ya stesheni kuukuu ya Voi. Mbao za sakafu zililalamika hata akipita paka. Lakini Loice, mkewe, aliipenda, kwani baada ya miaka sita ya chumba kimoja huko Kaloleni, alikuwa amepata jiko la kugeukia bila kugonga sufuria. Popo tu ndio waliomkera. Kila jioni waliingia kupitia lile bomba la mawe la kutolea moshi, na kila asubuhi meko ya zamani yalikuwa yamejaa kinyesi. Basi Sylus, mtu asiyeona tundu asitamani kulitia saruji, akapanda juu ya paa na ndoo yake akaliziba.

"Sasa tutakaa kama watu," alisema.

Walipikia gesi, lakini jioni hiyo nyumba ilinuka makaa ya mawe. Loice alikagua mtungi na mpira wake, akafungua madirisha yote. Harufu haikutoka. Kesho yake alikuta alama za viganja vya masizi ukutani, juu ya meko. Akafuta. Siku ya pili zilikuwa kwenye ujia, na siku ya tatu kwenye mlango wa chumba cha Shanice, binti yao wa miaka mitano.

"Mama, babu wa jikoni anakohoa," Shanice alisema saa sita mchana, akichora.

Loice aliingia jikoni, jua likiwaka nje na bodaboda zikipiga honi barabarani kama siku yoyote, akaweka sikio kwenye jiwe la dohani, na humo ndani akasikia pumzi nzito ikipanda, ikagota juu kwenye saruji, ikashuka tena polepole hadi usawa wa uso wake, ikatulia hapo, kana kwamba nayo inamsikiliza.

Alikimbilia kwa jirani, Bi Zaituni, binti wa dereva wa garimoshi, aliyezaliwa katika nyumba hizo hizo.

"Yule jini sisi tulimkuta," Bi Zaituni alinong'ona. "Hana shari. Asubuhi hutoka, magharibi hurudi, na popo ni wageni wake. Nyinyi mmemfungia ndani!"

"Lakini sisi tumeokoka, Bi Zaituni."

"Yeye hajaokoka, mwanangu. Mumeo aliyeziba ndiye azibue, mchana, na amtake radhi kwanza. Kisha kila mtu afunge mdomo mpaka harufu iishe. Akishtuka huyo, huingia popote palipo wazi."

Shanice aliachwa nyumbani kwa Bi Zaituni, mbele ya katuni. Sylus akapanda na nyundo, akaomba radhi kwa sauti ya aibu, akaanza kugonga. Chini, Loice na Bi Zaituni walisimama jikoni wakiwa wameziba midomo kwa leso. Saruji ikapasuka. Vumbi jeusi likamwagika kwenye meko, likatanda, likaelekea mlangoni, na pale mlangoni, mwanasesere mkononi, alisimama Shanice, aliyekuwa amechoshwa na katuni.

Akakohoa. Mara moja tu.

Harufu ikaisha papo hapo. Sylus alishuka akicheka, Bi Zaituni hakucheka. Loice aliogopa sana, na jioni hiyo hiyo akampeleka mtoto kijijini Mghange, kwa Wakesho, mama yake mzazi. Nyumba ya Wakesho ilikuwa mpya, haikuwa na meko wala dohani, na usiku huo baridi ya milimani iliwalaza wote vizuri.

Asubuhi Loice alivuta blanketi amwamshe binti yake. Kwenye mto mweupe, pale mdomo ulipokuwa umelala, palikuwa na duara la masizi.

"Babu anasema amebanwa kidogo humu," Shanice alisema, akijishika kifua, "lakini kuna joto. Mwambie nyanya asifunge dirisha jioni. Wageni wake wanakuja."

Akapiga miayo. Chumba kikanuka makaa ya mawe. Loice alinyoosha mkono upesi amzibe mdomo, akakumbuka yaliyotokea walipoziba dohani, mkono ukabaki hewani.